Vifaranga wa Sura ya Tisa

INATANGAZWA kwa wasomi, wastaarabu na wote wanaojua kushika kitabu bila kukigeuza juu chini, ya kwamba Baraza Kuu la Tuzo za Riwaya za Njozi na Sayansi, baada ya kukaa, kusoma, kubishana na kukaa tena, limeitunuku riwaya ya FUNDI WA KESHO nishani yake ya juu kabisa. Majaji wote walisimama. Mmoja alilia. Aidha, Baraza linaipongeza hasa sura ya tisa, ambamo mwandishi, kwa ujasiri usio na mfano, anafungua mlango wa mwisho na kutuonyesha vifaranga.

Tangazo hilo zito lilibandikwa kwa dawa ya meno kwenye ubao ulio nje ya bwalo, kati ya zamu za kudeki vyoo na ombi la mtu aliyepoteza soksi moja. Muhuri wake mwekundu ulikuwa umepigwa kwa kifuniko cha kopo la rangi ya viatu. Baraza Kuu lenyewe lilikuwa limeinama pembeni, sketi imepanda upande mmoja, likijifanya linafunga kamba za viatu ili lisikie watu watasema nini.

Baraza lilikuwa na mjumbe mmoja tu, na jina lake la bweni lilikuwa Balozi. Wenzake walimpa jina hilo tangu kidato cha kwanza, kwa sababu kila alipokamatwa na kosa alitoa maelezo marefu, ya heshima na utulivu, kana kwamba anaitetea nchi ambayo haimo kwenye ramani.

Kabla hajahukumiwa, na atahukumiwa, ni haki ieleweke jinsi hasira zilivyomfika shingoni.

Likizo ndefu Balozi huenda kwa mjomba wake, kaka wa mama yake, mwenye duka la uchapaji. Duka ni chumba kimoja kirefu chenye mashine inayopumua kama mgonjwa wa pumu, kisu kikubwa cha kukatia karatasi, sufuria ya gundi, na meza inayoanzia mlangoni na kuishia karibu na choo. Juu ya meza hiyo kurasa zilizochapwa hupangwa marundo marundo kwa kufuata namba. Mpangaji hutembea kando ya meza akichota karatasi moja moja, na akifika karibu na choo anakuwa amekumbatia kitabu kizima. Ukutani Mjomba ameandika kwa wino mzito sheria ya duka: HAPA TUNAPANGA, HATUSOMI.

"Nimechapa vitabu tangu wewe hujazaliwa," alimwambia Balozi siku ya kwanza, "na sijasoma hata kimoja. Ukisoma, mkono unasahau kazi."

"Hata mwisho wake hutaki kuujua, mjomba?"

"Mwisho wake ni gundi."

Nyuma ya mlango kulikuwa na rafu iliyobeba nakala zilizoachwa na waandishi wanaojichapishia wenyewe, watu waliolipia wino kwa mishahara yao na kisha wakakosa pa kuvipeleka vitabu. Nyingi zilikuwa riwaya za njozi na za kisayansi. Majalada yake yalitia huruma. Moja lilikuwa na chombo cha angani kilichofanana na pasi. Jingine lilikuwa na mchawi mwenye vidole sita mkono mmoja, na si kwa sababu hadithi ilitaka hivyo. Mjomba alimruhusu Balozi avisome saa za mapumziko, nje, kwenye ngazi, mbali na meza.

Akavisoma. Ukweli usemwe, vingi vilikuwa balaa. Kulikuwa na shujaa aliyekufa ukurasa wa pili, akaendelea kuongea mpaka mwisho bila mtu yeyote kushangaa. Kulikuwa na joka lenye majina matatu kwa sababu mwandishi alisahau. Balozi alivirudisha rafuni akisonya, akaapa kwamba hatasoma tena, na dakika hiyo hiyo akachukua kingine. Maana katikati ya takataka hizo, bila onyo lolote, alikutana na msichana aliyerithi nyota ndogo kutoka kwa bibi yake na ikabidi ailishe kila jioni isije ikazima. Alikutana na soko ambalo wateja huacha vivuli vyao kama rehani. Nywele zilimsimama. Aligeuza jalada la nyuma kutafuta nani amekisifu kitabu hicho, akakuta namba ya simu tu na maneno: *Kwa maoni, tafadhali piga.* Hapakuwa na ubishi kwamba hakuna aliyewahi kupiga.

Ndipo akaja daktari wa meno na muswada wa *Fundi wa Kesho*.

Ilikuwa riwaya ya mji ambao kila siku mpya hutengenezwa kiwandani. Mashine ikigoma, watu huamka jana. Fundi mmoja tu, mwanamke mkimya mwenye sanduku la spana, anajua kwamba vipuri vinakwisha, na katika sura ya tisa anashuka chini kabisa ya kiwanda kwenda kuona kinachoiendesha mashine. Anafika kwenye mlango wa mwisho. Anausukuma, taa inamulika, na mbele yake anaona vifaranga wa siku moja.

Ndiyo. Vifaranga. *Hawa wanahitaji joto kuliko kitu chochote,* ukurasa uliendelea. *Wakijikusanya pamoja, ujue wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni na kutanua mabawa, ujue joto limezidi. Usiwahamishe kwa ghafla. Waliokufa wazikwe mbali na banda.* Kisha Fundi anaufunga mlango, anauegemezea kipaji cha uso, na anajua kwamba hawezi tena kuutazama mji wake kama zamani.

Balozi alipofika hapo alifunga kitabu. Alielewa kila kitu. Vifaranga ndio watu wa mji! Kiwanda ndicho banda! Na lile neno la kuzikwa mbali na banda lilimtoa machozi, waziwazi, kwenye ngazi za duka, mbele ya mteja aliyekuja kudurufu cheti.

Nakala aliyosoma ilikuwa ya majaribio, aliyoipanga kwa mikono yake mwenyewe, yenye jalada lililokaa upande. Mjomba alimpa iwe yake. Siku Daktari alipokuja kuchukua maboksi yake, Balozi alikuwa anafagia. Alimsikia akimwambia Mjomba, "Hiki ni kitabu cha kwanza tu. Nilikuwa na cha pili kichwani, ila siandiki."

"Kwa nini, Daktari?"

"Nimwandikie nani? Hata mume wangu amekwama ukurasa wa nne, na mimi ndiye ninayempikia."

Ufagio ulimtoka Balozi mkononi. Kitabu cha kwanza kiliishia mashine ikiwa imesimama na mji mzima umekwama alfajiri. Kama cha pili hakiandikwi, wale watu wangebaki hapo hapo, mswaki mdomoni, milele. Akaapa kwamba wasomaji watapatikana hata ikibidi awabebe mgongoni.

Alirudi shuleni na nakala yake, na hapo ndipo alipojua uzito wa binadamu asiyetaka kusoma.

Alianza na rafiki yake wa kitanda cha juu, Kasuku, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hajawahi kusikia jambo akashindwa kulirudia.

"Nani kakisifu?" Kasuku akauliza, akikishika kwa ncha za vidole.

"Mimi."

"Wewe si mtu."

"Ala! Mimi ni nini?"

"Wewe ni Balozi. Mwaka jana ulituambia maji ya bomba yana vitamini, tukanywa mpaka tukaumwa matumbo. Hebu niondolee hili lijalada lako, limekaa kama limelewa."

Akajaribu foleni ya kuoga, ambako watu hawana pa kukimbilia. Akasoma kwa sauti ukurasa wa kwanza, wakamrushia povu. Akakiacha kitabu makusudi mezani bwaloni, akakikuta kimewekewa sufuria ya moto juu yake. Akamwambia msichana mmoja kwamba kimepigwa marufuku. Yule akaenda kumshtaki, na Balozi akaitwa ofisini kueleza kwa nini anamiliki kitabu kilichopigwa marufuku. Maelezo yalichukua nusu saa na hayakumsaidia.

Mwisho akaenda kwa Mwalimu wa Fasihi, mtu mzuri, mpole, aliyeamini vitabu kama wengine wanavyoamini benki.

"Kampuni gani imekichapisha?" mwalimu akauliza, akikigeuza.

"Mwandishi mwenyewe, mwalimu."

"Mm. Kimepata tuzo yoyote?"

"Bado, mwalimu."

"Basi tusubiri kipate." Akamrudishia. "Mtu hawezi kusoma kila kitu, mwanangu. Lazima kuwe na chujio."

Balozi alitoka ofisini amevimba kama andazi. Kwa hiyo kitabu hakisomwi mpaka kipewe tuzo, na hakiwezi kupewa tuzo mpaka kisomwe! Alizunguka uwanja wa michezo akiongea peke yake, akapiga teke jiwe, jiwe likamshinda, akarudi bwenini akichechemea, na huko akaomba kuazimwa kopo la rangi ya viatu.

Hivyo ndivyo Baraza Kuu lilivyozaliwa.

Asubuhi ya tangazo watu walisimama mbele ya ubao mpaka uji ukapoa. Kufikia saa ya michezo, *Fundi wa Kesho* ilikuwa na foleni. Kufikia mwisho wa juma jalada lake lililolewa lilikuwa limeshikizwa kwa gundi ya karatasi, na kwenye kona yake iling'aa nishani ya dhahabu iliyokatwa kwenye pakiti ya sabuni. Wasichana walisoma wakitembea, wakagongana na nguzo. Mtu akichelewa mstarini aliambiwa, "Wewe unajikusanya, unaona baridi?" Wawili waliokosana kwa jambo la ndoo walikunjiana nyuso na kuambizana kwamba wazikwe mbali na banda. Mwalimu wa Fasihi alikisoma kwa siku moja, akaingia darasani macho mekundu, akaandika ubaoni: *Vifaranga wa sura ya tisa ni kioo cha jamii. Jadili.*

Ungedhani Balozi alifurahi. Alifurahi asubuhi moja. Kisha Kasuku akaning'inia kutoka kitanda cha juu, nywele zikielekea sakafuni, akamwambia kwa uchungu wa kweli, "Yaani wewe! Kitabu cha namna hii ulikuwa nacho muda wote, na hukuniambia!"

"Nilikuambia!"

"Lini?"

"Ulisema jalada limelewa!"

"Hukuniambia kuwa kina tuzo," Kasuku akasema. "Unajua wewe tatizo lako nini? Hujui kueleza."

Balozi akajifunika shuka mpaka kichwani, akauma mto.

Na kulikuwa na sanduku zima la vitabu vya rafu ya Mjomba chini ya kitanda chake: nyota ya bibi, soko la vivuli, vingine vitatu vya kusisimua. Alipojaribu kuvitoa, Kasuku akauliza, kwa upole, kama na hivyo Baraza limeshavikagua.

Mambo yangeishia hapo kama Mwalimu wa Fasihi asingekuwa mtu wa adabu. Aligeuza jalada la nyuma, akakuta nacho kina namba ya simu na *Kwa maoni, tafadhali piga*, akapiga. Akampongeza mwandishi kwa ushindi wake. Akaagiza maboksi mawili ya nakala kwa ajili ya shule nzima. Akamwalika aje azungumze Jumamosi.

Habari hizo zilipotangazwa mstarini, Balozi alihesabu siku zilizobaki mpaka Jumamosi. Aliwaza kuugua. Akaenda zahanati, akaonyesha ulimi, akapewa kidonge na kurudishwa.

Jumamosi Daktari akaja. Alivaa kitenge kipya na viatu vilivyokuwa vinamuumiza, na nyuma yake, akiwa amebeba boksi begani, alikuja mtu ambaye Balozi hakumtarajia kabisa. Mjomba.

"Shikamoo, mjomba," Balozi akasema kwa sauti ya mbu.

"Marahaba. Mbona umekonda? Mteja wangu kashinda tuzo! Tunachapa jalada jipya. Nimekuja kumpa mkuu wa shule bei ya vitabu vingine." Mjomba alikuwa anang'aa. "Tuzo gani hiyo, umeisikia?"

"Nimeisikia," akasema Balozi.

Bwalo lilijaa. Daktari alipopanda jukwaani akawatazama wasichana, nao, wakikumbuka kazi yake, wakafunga midomo wote kwa pamoja.

"Msiogope, leo sikuja na koleo," akasema. Kicheko kikapita huku viganja vikiwa midomoni. Kisha akakohoa kidogo. "Nitasema ukweli. Nilipopigiwa simu nilidhani ni mgonjwa. Nimetuma kitabu hiki kwenye mashindano mengi mpaka nimesahau majina yake. Hakuna aliyenijibu. Nilishafunga daftari. Lakini tangu siku ile ya simu, nimeandika." Akafungua mkoba, akatoa bunda la karatasi lililofungwa kwa kamba. "Kitabu cha pili. Sura nne."

Bwalo likalipuka. Kasuku alisimama juu ya benchi. Balozi peke yake ndiye aliyebaki amekaa, macho kwenye lile bunda, akilitamani kama mwenye njaa anavyotamani sahani ya mtu mwingine. Sura nne! Angeweza kunyamaza. Nani angejua?

"Na jalada la vitabu vyote viwili," Daktari akaendelea, "litaandikwa kwa dhahabu: *Mshindi wa Nishani ya Baraza Kuu*. Mchapaji wangu hapa ameshatengeneza. Nimewaambia wagonjwa wangu wote. Mume wangu ameanza upya, jamani, amefika ukurasa wa arobaini!"

Wakampigia makofi mume. Jalada la dhahabu lingeenda kila mahali, na siku moja mtu mzima mwenye akili angeuliza baraza gani hilo, na huyu mama aliyevaa viatu vya kumuumiza angesimama mbele yake hana la kusema.

Wakati huo maboksi yalikuwa yamefunguliwa na nakala mpya zinapita mkono kwa mkono. Kama watu waliopewa amri, wasichana wote walifungua sura ya tisa. Karatasi zikachakarika. Kisha mchakariko ukafifia, na badala yake ukaja mnong'ono, ukakua.

Kasuku akanyoosha mkono. "Samahani, Daktari. Mbona mmewaondoa vifaranga?"

"Vifaranga gani?"

"Wa sura ya tisa."

Daktari akatabasamu, akidhani ni utani wa shule. "Hakuna vifaranga katika kitabu changu, mwanangu."

"Wapo!" bwalo likajibu kwa pamoja. "Wanaohitaji joto!" akasema mmoja. "Waliozikwa mbali na banda!" akasema mwingine, na sauti yake ikakatika, maana ndiye aliyepata alama za juu katika insha.

Mwalimu wa Fasihi akasimama, amepauka. "Daktari, kwa heshima zote, hata majaji wamewataja." Akatoa kwenye faili lake lile tangazo, alilokuwa amelibandua ubaoni alihifadhi, akampa. Daktari akalisoma. Akalinusa. Akagusa nyuma yake kwa kidole.

"Hii," akasema taratibu, "ni dawa ya meno."

Kwa jambo hilo hapakuwa na wa kumbishia.

"Ipo wapi nakala yenye vifaranga?" akauliza Mjomba kutoka pembeni, kwa sauti ya fundi aliyesikia mashine ikigonga. Wakampa ile ya zamani yenye jalada lililolewa. Hakusoma. Alikitanua kitabu kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye mshono, akasimamisha ukucha mahali pamoja.

"Karatasi hii si ya humu," akasema. "Hii ni ya yule bwana wa mwongozo wa ufugaji wa kuku. Tulivichapa siku moja na hiki, karatasi zile zile, herufi zile zile. Marundo yalikaa jirani mezani." Akainua uso, akatafuta katikati ya vichwa vyote vile kichwa kimoja. "Nakala hii ipo moja tu duniani. Najua niliyempa."

Kwa hiyo mtu pekee aliyeweza kusifu vifaranga ni mtu aliyekuwa na nakala hiyo. Balozi aliona jambo hilo likipita kwenye uso wa Mwalimu wa Fasihi, kisha uso wa Daktari, kisha, kwa kuchelewa kidogo, uso wa Kasuku.

Akasimama.

"Ni mimi."

"Ni wewe nini?" akauliza Daktari.

"Ni mimi Baraza Kuu. Nimeandika tangazo. Muhuri ni kifuniko cha rangi ya viatu. Nishani ni sabuni. Hakuna majaji." Akavuta pumzi. "Nilikusikia dukani ukisema cha pili huandiki kwa kuwa hakuna msomaji. Nikawatafuta. Wakakataa. Niliwaomba vizuri kabisa, Daktari, muulize mtu yeyote. Wote walitaka mpaka mtu mkubwa aseme. Basi nikamtengeneza mtu mkubwa."

Daktari alilikunja tangazo mara mbili.

"Kwa hiyo hapakuwa na jaji aliyelia."

"Aliyelia yupo. Ni mimi. Lakini…" Balozi akaangalia sakafu. "Nililia kwenye vifaranga."

Daktari akarudisha lile bunda mkobani. Akafunga zipu pole pole, na sauti ya zipu hiyo ilimkata Balozi kuliko viboko vyovyote.

"Na karatasi ya kuku iliingiaje?" Mjomba akauliza kwa ukali.

"Feni, mjomba," Balozi akasema haraka. "Feni ilipeperusha marundo."

Mwalimu wa Fasihi akaonyesha mlango kwa kidole. "Toka nje. Usimame mbali na hapa mpaka uitwe. Na kitabu kipya hupewi."

Akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake, na hapo ndipo akili ikamjia vizuri. Ndani kulikuwa na shule nzima, kila mmoja ameshika kitabu kisicho na kuku, kimefunguliwa pale pale kwenye mlango wa mwisho wa kiwanda. Wote wangejua Fundi aliona nini. Yeye aliyekisoma mara ya kwanza, aliyekipigania, aliyepigwa povu kwa ajili yake, ndiye peke yake asiyejua!

Bwalo lilikuwa kimya. Kimya kile cha watu wanaosoma, ambacho aliwahi kukiota. Kisha ukasikika mguno mrefu, kama watu wote wamemwagiwa maji baridi kwa pamoja, na mtu akasema, "Jamani!"

Balozi alikimbilia dirishani. Kasuku alikuwa amekaa upande huo, mkono mdomoni.

"Kasuku! We Kasuku! Kuna nini nyuma ya mlango?"

Kasuku akamgeukia. Macho yalikuwa yamejaa machozi. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaufunga bila kurudia chochote. Kisha akafunga na dirisha.

Ikabaki tundu la ufunguo. Balozi alipiga goti, akabandika sikio. Akamsikia Daktari akisema kitu, akasikia maneno "kitabu cha pili", halafu kelele zikazuka, na kwa jinsi mbao zilivyokuwa nene hakuweza kujua kama ni kelele za furaha au za msiba. Akakandamiza sikio zaidi.

Mlango ukafunguliwa, ukampiga sikio lile lile.

Mjomba alisimama mbele yake, akitoka kwenda kuchukua boksi jingine. Akaurudisha mlango nyuma yake kabla Balozi hajapata hata nafasi ya kuchungulia.

"Wewe! Si umeambiwa usimame mbali?"

"Nimeambiwa, mjomba."

"Umesikia nini?"

"Kitabu cha pili. Sikusikia kama anaandika au haandiki." Akamshika mkono wa shati. "Anaandika, mjomba? Niambie hilo tu."

Mjomba akashusha sauti. "Wamemwambia wamesoma mpaka mwisho, hata na kuku. Kasema basi ataandika. Jalada la dhahabu hamna, nilifute lote. Kazi yangu ya usiku kucha imeenda na maji kwa ajili ya kifuniko chako cha kopo."

Balozi akakaa chini, mgongo kwenye mlango, pumzi zikamtoka kama mpira uliotobolewa. Kisha, kwa kuwa hakuumbwa kukaa na shukrani kwa muda mrefu, akainua kichwa.

"Na nyuma ya mlango, mjomba? Fundi aliona nini? Wewe umekichapa chote, unajua."

"Mimi nachapa, sisomi."

"Hata mstari mmoja?"

"Hata mmoja." Akachuchumaa mbele yake, uso kwa uso, jinsi anavyochuchumaa mbele ya mashine iliyogoma. "Sasa nikuulize na mimi. Duka langu halina feni. Halijawahi kuwa na feni. Marundo yalikuwa yamepangwa sawasawa, nimeyapanga mwenyewe. Ulifanya nini mpaka mkono ukaenda kwenye rundo la kuku?"

Balozi akafungua mdomo ili atoe maelezo. Aliyatafuta yale marefu, ya heshima na utulivu. Akaona meza ndefu, na yeye mwenyewe akitembea kando yake, bunda kifuani, shingo imepinda, macho hayabanduki kwenye ukurasa wa juu. Fundi anausukuma mlango wa mwisho. Taa inamulika. Na mbele yake anaona. Mkono ukirushwa pembeni bila kutazama, ukikwapua karatasi yoyote yenye namba inayofuata, upesi, upesi.

"Nilikuwa nasoma, mjomba," akasema.